Viungo vya wimbo visiachiwe programu

Nyimbo nyingi tunazozisikia redioni hazikuimbwa kwa mkupuo mmoja. Mwimbaji hurudia ubeti mara kadhaa, kisha prodyuza huokota neno hapa na mstari pale, akaviunga kwenye kompyuta mpaka vikawa sauti moja. Sina ugomvi na utaratibu huo. Ugomvi wangu uko pale vipande vinapokutana. Hapo kipande cha kwanza hufifishwa huku cha pili kikipandishwa, kazi ambayo mafundi huiita krosifedi, na siku hizi programu kama Reaper inaweza kuifanya yenyewe kila vipande viwili vinapolaliana. Prodyuza akiona mistari imepishana kwenye skrini, anahesabu kiungo kimekwisha na kuendelea na mengine.

Kilichokwisha ni kasoro moja tu: ule mlio wa “tak” unaotokea wimbi la sauti linapokatwa na kuruka ghafla. Milisekunde chache zinatosha kuuondoa. Lakini noti ya besi ya hezi 100 ina mzunguko wa milisekunde 10. Kipande kimoja kikichelewa kwa milisekunde 5 tu, wimbi moja linapanda wakati jingine linashuka, na besi inapwaya palepale kwenye kiungo. Kisha kuna umbo la mteremko. Ukitumia mstari ulionyooka, katikati kila upande umeshuka desibeli 6. Kwa vipande vya rekodi ileile, jumla inabaki sawa. Kwa majaribio mawili tofauti, sauti inazama kwa takriban desibeli 3, ndiyo maana mafundi hupendelea mstari uliopinda. Nao huo uliopinda, ukiuweka kwenye rekodi ileile, unavimbisha sauti kwa desibeli 3 hizohizo. Mpangilio wa kiwandani hauulizi vipande vimetoka wapi.

Enzi za tepu swali hilo halikukwepeka. Fundi alikata kwa wembe, mara nyingi kwa mshazari wa nyuzi 45, na kwenye utepe wa robo inchi unaokwenda sentimita 38 kwa sekunde, mshazari huo ulipita kwa milisekunde 17 hivi. Hiyo nayo ni krosifedi, ila mkono uliokata ulikuwa umeshasikiliza. Mwaka 1966 George Martin na Geoff Emerick waliunganisha majaribio mawili ya “Strawberry Fields Forever” ya Beatles yaliyotofautiana kasi na ufunguo. Ilibidi wabadili mwendo wa tepu mpaka yakakubaliana. Hakuna kitufe ambacho kingewaambia kwamba yangekubaliana.

Wapo watakaosema msikilizaji anatumia simu, hatasikia. Kuhusu besi wana haki, kwani spika ya simu haiitoi. Sauti ya mtu, hata hivyo, ndiyo spika hiyo inayoitoa vizuri kuliko kitu kingine, na pumzi iliyokatwa nusu inasikika humo bila shida. Pingamizi la muda lina uzito zaidi: studio inayolipwa kwa wimbo haiwezi kukaa saa nzima juu ya kila mkato. Haihitaji. Mkato uliowekwa kabla tu ya pigo la ngoma hufichwa na pigo lenyewe, na hapo programu iachwe ifanye itakavyo. Viungo vinavyodai sikio ni vile vilivyo katikati ya sauti inayoendelea: noti ndefu ya fidla katika taarab, kwaya inaposhikilia neno la mwisho, mwimbaji anapovuta herufi. Vinavyobaki si vingi.

Tena vingi vya hivyo vinakwisha kwa kusogeza mkato tu. Pumzi ni ya mstari unaoifuata, hivyo mkato uwekwe kabla ya pumzi, nayo ije nzima na mstari wake; ikichukuliwa kutoka pande zote mbili, mwimbaji anasikika akivuta hewa mara mbili bila kuitoa.