Ukurasa wa Mvuvi: Nani Amekata Mshipi?



Umetoka na ngalawa alfajiri. Tanga limejaa upepo. Unakokota mshipi nyuma ya chombo. Mara mshipi unakaza. Unasema, "Nguru huyo!" Unavuta, lakini mshipi unakuja mwepesi. Samaki hayupo. Chambo hakipo. Hata ndoana haipo. Mshipi umekatika kama kwa wembe.

Nani ameukata? Wengine husema ni mkosi. Si mkosi. Ni meno ya nguru.

Nguru ana meno bapa, makali kama visu vidogo. Mzia naye ana meno makali. Nailoni haiwezi kushindana na meno hayo. Basi tengeneza mshipi wako hivi:

1. Tia waya. Chukua waya mwembamba usioshika kutu, urefu wa nusu mita. Funga ndoana kwenye waya, si kwenye nailoni. Waya usiwe mnene, maana samaki atauona.

2. Tia pete inayozunguka kati ya waya na nailoni. Chambo kikizunguka majini, pete itazunguka nacho. Mshipi hautajisokota.

3. Tumia ndoana mbili. Nguru mara nyingi hukata chambo upande wa mkia. Ukiwa na ndoana moja kichwani, atakula mkia na kwenda zake. Weka ndoana ya pili karibu na mkia. Chuchunge ni chambo kizuri. Mfunge anyooke, aogelee kama yu hai.

4. Noa ndoana kwa tupa. Ndoana butu haishiki.

5. Funga kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kati ya mshipi na chombo. Samaki akipiga, mpira utanyumbuka. Mshipi hautakatika kwa mshtuko. Nawe utaona kuwa samaki ameshika.

Sasa sikiliza jambo kubwa kuliko yote. Usizungushe mshipi mkononi! Usiufunge kiunoni wala mguuni. Nguru mkubwa huvuta kwa nguvu na kwa ghafla. Nailoni itakata vidole vyako. Inaweza kukutupa baharini. Ndoana hununuliwa, lakini kidole hakiuzwi dukani.

Vaa glavu, au funga kitambaa kigumu kiganjani. Samaki akivuta sana, mwachie mshipi kidogo kidogo. Akichoka, mvute. Akifika ubavuni, mpandishe kwa kulabu yenye mpini. Mpige rungu kichwani kwanza, ndipo utoe ndoana. Meno yaliyokata mshipi yanaweza kukata mkono pia.

Ukirudi nyumbani, osha waya na ndoana kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Pitisha mshipi wote kati ya vidole. Mahali penye mkwaruzo, kata na uunge upya. Vipande vya nailoni usivitupe baharini. Kasa hunaswa navyo na kufa.

Kazi hii yote ni ya jioni moja. Lakini kesho nguru akipiga, utampeleka nyumbani.

Maswali ya kujadili na wenzako:

1. Kwa nini nailoni peke yake haifai kwa nguru?
2. Kwa nini tunaweka ndoana ya pili karibu na mkia?
3. Mwenzako anazungusha mshipi mkononi. Utamwambia nini?