Mafuta ya moteri yanavuja: tutafute juu kabla ya kulipa chini



Juma hili tunaongea juu ya lile doa jeusi linalobaki asubuhi katika lupango, chini ya motokari. Vikundi vyetu vingi sasa vina motokari. Kimoja kilinunua kwa pesa ya likelemba ili kupeleka bunga na makala kwenye soko la Kenya, kingine kinabeba watoto wa masomo. Karibu zote ni za zamani, zilitembea miaka mingi huko Japani kabla ya kupita Kasumbalesa na kufika kwetu. Mipira na joanti za moteri ya umri huo zimekauka, nazo zikikauka zinapasuka, mafuta yanatoka.

Mafuta yakitoka, fundi anataja bei, na mara nyingi ni bei kubwa. Basi, tujifunze namna ya kutafuta pale yanapotoka, ili pesa ya kikundi iende mahali penye ugonjwa.

Kwanza, tujue ni mafuta gani. Usiku tutandaze katoni safi chini ya moteri, asubuhi tuangalie. Rangi ya kahawia au nyeusi, yenye utelezi, ni mafuta ya moteri. Mekundu mara nyingi ni ya usukani au ya bwati ya viteze inayojibadilisha yenyewe. Maji ya kijani au ya waridi yenye harufu tamu ni ya radiateri. Yale mepesi yanayoonekana karibu na gurudumu yanaweza kuwa ya freni: hapo motokari isitoke hata kidogo mpaka fundi aione. Maji matupu wakati wa joto, kama motokari ina klimatizeri, si ugonjwa.

Pili, tupime. Motokari isimame mahali pa sawasawa, moteri izimwe, tungoje dakika chache. Tuchomoe joji, tuipanguse, tuirudishe, tuichomoe tena. Kati ya alama ya chini na alama ya juu, mara nyingi kuna kama lita 1. Tuandike katika daftari tarehe, kilometa, na kiasi tulichoongeza. Kama mafuta yanapungua na katoni inabaki safi, pengine moteri inayachoma: tuangalie kama moshi ni wa buluu. Huo ni ugonjwa mwingine. Na tusijaze kupita alama ya juu, maana mafuta yakizidi nayo yanatafuta njia ya kutoka.

Sasa neno kubwa la leo. Mafuta yanateremka, na motokari ikitembea upepo unayasukuma nyuma. Kwa hiyo mahali yanapodondoka si mahali yanapotoka. Anayetafuta kwa kuangalia chini tu anamhukumu mtu aliyepakwa tope, anamwacha aliyelirusha.

Kikundi chetu kina Toyota HiAce ya mazutu yenye moteri ya 3L, ile inayokaa chini ya viti vya mbele. Kiangazi kilichopita ilianza kupoteza karibu lita 1 kwa juma. Fundi aliingia chini, akaona mafuta kati ya moteri na bwati ya viteze, akasema joanti spi ya nyuma imekufa. Ili kuifikia ni lazima kushusha bwati yote. Bei yake ilikuwa sawa na zamu mbili za likelemba, ni kusema wamama wawili wangengoja pesa yao, na mmoja alikuwa ameihesabia masomo ya watoto.

Mama mwenye kutunza pesa akauliza kwa heshima: "Papa fundi, hiyo joanti uliiona inatoa mafuta?"

"Hapana, mama. Lakini mafuta iko pale nyuma."

"Basi utupe siku mbili, tutafute pamoja."

Fundi alikubali, na hilo ni jambo la kumshukuru. Siku ya kwanza, moteri ikiwa imepoa, tuliisafisha kwa brashi na maji ya sabuni. Tulifunika alternateri na nyaya kwa mifuko ya plastiki. Hatukutumia esansi, kwa sababu esansi inawaka. Moteri ikakauka. Siku ya pili tulipaka poda ya watoto juu ya sehemu zilizokuwa na mafuta, mbali na mikanda. Shofere akaenda mpaka Ruashi na kurudi. Tukazima moteri, tukainua kiti, tukamulika kwa toroshi kuanzia juu.

Poda inasema kweli. Pakavu ilibaki nyeupe, na pale mafuta yalipopita palikuwa na mstari mweusi. Tuliufuata mstari huo kuelekea juu, nao haukutufikisha kwenye joanti ya nyuma. Ulitufikisha kwenye alternateri. Nyuma ya alternateri ya moteri hiyo kuna pompe ndogo inayovuta hewa ili kusaidia freni, na pompe hiyo inakunywa mafuta ya moteri. Mpira unaorudisha mafuta yake ulikuwa mgumu kama kuni, umepasuka pale unapobanwa na koliye. Fundi aliweka mpira mpya wa kuvumilia mafuta ya moto, si mpira wa maji, na koliye mpya. Asubuhi tatu zilizofuata katoni ilikuwa safi. Joanti ya nyuma haikuguswa.

Tena, tundu lile dogo halikuwa jambo dogo. Pompe hiyo ikikosa mafuta inaharibika, pedali ya freni inakuwa ngumu, na HiAce iliyojaa watu na mizigo inakataa kusimama. Kama tungalilipa kushusha bwati, pesa ingekwisha, na hatari ingebaki palepale.

Kwa hiyo, wamama, fundi akisema "inavuja", tufuate mpango huu, kutoka juu kwenda chini, kutoka piesi ya bei ndogo kwenda ya bei kubwa:

Kifuniko cha juu cha moteri na joanti yake. Mipira midogo ya mafuta na koliye zake. Sonde ya mafuta, ile inayowasha taa nyekundu. Filtre: kama ilibadilishwa juzi, pengine joanti ya filtre ya zamani ilibaki imeng'ang'ania, na sasa ziko mbili. Bushoni ya kumwagia mafuta na ronde yake. Karteri. Mwisho kabisa, joanti spi za mbele na za nyuma.

Kabla ya kubadilisha joanti spi yoyote, tumuombe fundi aangalie mpira wa kupumulia wa moteri. Ukiziba, pumzi inajaa ndani na kusukuma mafuta nje kupitia joanti, na joanti mpya nayo itavuja.

Ikionekana kweli kwamba ni joanti ya nyuma, tulipe bila kunung'unika, maana kazi ni kubwa. Lakini bwati ikiwa imeshuka, ambreyaji nayo iangaliwe siku hiyohiyo, tusilipe kazi ileile mara mbili.

Maneno matatu ya usalama. Mtu asiingie chini ya motokari iliyoinuliwa kwa kriki peke yake. Taa nyekundu ya mafuta ikiwaka njiani, tuzime moteri palepale, hata kama soko linatungoja, kwa sababu dakika chache bila mafuta zinatosha kuua moteri. Na mafuta machafu tusiyamwage katika lupango wala karibu na kisima, tusiyaache watoto wayachezee, maana yana sumu na yanadhuru ngozi. Tuyatie katika bido yenye kifuniko na kuyapeleka kwenye garaji inayoyakusanya.

Kuna wanaosema moteri si kazi ya wanamke. Lakini kutandaza katoni, kuandika katika daftari, kupanguza na kuangalia kwa uvumilivu, ni kazi gani kati ya hizo ambayo hatuifanyi kila siku? Ufunguo wa kukaza ni wa fundi. Swali la "uliona wapi?" ni letu, kwa sababu pesa ni yetu.

Katika mkutano ujao, kila kikundi chenye motokari kilete daftari lake la mafuta, tulisome pamoja. Kama halijaanza, lianze leo: tarehe, kilometa, kiasi. Mubaki na amani.