Mkulima wa kahawa, dai mizani hata unaponunua gesi

Mkulima wa Nyakasimbi hakubali kahawa yake ikadiriwe kwa macho. Msimu ukifika huipeleka kwenye chama cha msingi, husogea karibu na mizani na kusoma mwenyewe. Ikipungua kilo moja, maneno yatazuka. Lakini mkulima huyo huyo akienda dukani kununua mtungi wa gesi ya kupikia, hulipa, huufunga kwenye pikipiki na kuondoka bila kuuliza una kilo ngapi.

Hapo ndipo fedha ya kahawa inapovujia. Mtungi mdogo unapaswa kuwa na kilo 6 za gesi. Tuseme umeununua kwa shilingi 24,000; kila kilo ni shilingi 4,000. Ikipungua nusu kilo, umepoteza shilingi 2,000, na hakuna atakayekurudishia.

Kujua ukweli si kazi ngumu. Uzito wa mtungi mtupu huandikwa kwenye mtungi wenyewe, mara nyingi kwa herufi TW au neno TARE. Ukikuta umeandikwa kilo 7.4, basi ukiwa umejaa mizani lazima isome kilo 13.4. Angalia pia kama lakiri haijaguswa. EWURA inawataka wauzaji wa gesi wawe na mizani, na Wakala wa Vipimo ndio wenye jukumu la kuikagua. Kwa hiyo anayeomba mtungi upimwe hamtukani muuzaji, anadai haki yake.

Wengine hutegemea geji. Ndugu zangu, geji haipimi kilo. Ndani ya mtungi gesi ni kimiminika, na maadamu kimiminika bado kipo, mgandamizo hubaki karibu ule ule. Mshale utaonyesha umejaa leo na kesho, kisha ushuke ghafla maharage yakiwa bado magumu.

Wapo pia wanaouliza kwa nini gesi iwe ghali ilhali nchi inayo Songosongo na Mnazi Bay. Hizo ni gesi mbili tofauti. Ya Songosongo, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kuzalisha umeme mwaka 2004, ni gesi asilia. Husafiri kwa bomba na hupimwa kwa futi au mita za ujazo. Ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, huletwa kwa meli kutoka nje na kuuzwa kwa kilo. Bei yake hufuata soko la dunia, thamani ya dola na nauli ya lori hadi huku Kagera.

Tatizo jingine ni kulinganisha. Umeme tunanunua kwa uniti, gesi kwa mtungi, mkaa kwa gunia au kopo, kuni kwa mzigo. Utajuaje kipi nafuu? Kilo moja ya gesi ina joto linalokaribia uniti 13 za umeme, ingawa karibu nusu yake hupotea pembeni mwa sufuria. Mkaa nao una joto jingi, lakini jiko la kawaida la bati hupoteza sehemu kubwa zaidi.

Kipimo kizuri kwa familia ni siku. Andika tarehe uliyofunga mtungi na tarehe uliyoisha. Mtungi wa kilo 6 ukidumu siku 24, unatumia robo kilo kwa siku. Kwa bei ya mfano wetu, ni shilingi 1,000. Andika vivyo hivyo gunia la mkaa, kisha linganisha. Na kabla ya kulaumu bei, loweka maharage usiku kucha na ufunike sufuria. Utaona siku zinaongezeka.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema kwa akina mama wanaovuta moshi na kwa misitu yetu. Lakini mitungi ikifika vijijini bila mizani, tutakuwa tumehamisha tu hasara kutoka kwenye gunia kwenda kwenye mtungi.

Mfanyabiashara wa Nyakasimbi, Omurushaka au Kayanga atakayekuwa wa kwanza kuweka mizani mbele ya mteja hatapata hasara. Atapata wateja.