Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini aje na mkalimani

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, vyuo vya Ulaya na Marekani vinapokuwa likizoni, makundi ya Wakristo wa kujitolea huja nchini mwetu kuendesha kambi za matibabu. Huwamo madaktari, wauguzi, wanafunzi wa udaktari na waumini wa kawaida ambao wamejilipia nauli. Huenda mashambani, wakapanga madawati ya shule ya msingi yakawa vitanda vya kupimia wagonjwa, wakatibu mamia ya watu kwa wiki moja au mbili, kisha wakarejea kwao. Ni jambo la kheri, na anayelibeza hajapata kumtembeza mgonjwa kilomita 20 kutafuta zahanati.

Hata hivyo, kuna swali ambalo aghalabu halipati nafasi katika barua za shukrani zinazosomwa siku ya kufunga kambi. Je, tabibu huyu na mgonjwa wake walielewana? Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa tiba, na kwa hivyo nitazungumzia lugha peke yake. Lakini nathubutu kusema kwamba katika chumba cha daktari, lugha ni chombo cha kazi sawa na kipimajoto.

Historia ya hospitali zetu za misheni inatufunza jambo. Dakt. Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland alifika Chogoria mwaka 1922 na kuishi huko kwa zaidi ya miaka 30. Kabla yake, Johann Ludwig Krapf, ambaye hakuwa daktari, alifika Mombasa mwaka 1844, akafiwa na mke na mtoto katika miezi ya kwanza, na bado akaketi na wenyeji kujifunza lugha zao. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki. Sina nia ya kuwatakasa wamishenari wa enzi ya ukoloni. Makosa yao tunayajua. Nasema tu kwamba aliyekaa muda mrefu alikuwa na wasaa wa kujifunza kusikia. Mgeni wa wiki mbili hana wasaa huo, wala hatuwezi kumlaumu kwa kutokuwa nao. Maadamu hana lugha, basi ni lazima lugha itoke kwa mtu mwingine. Mtu huyo ni nani?

Mara nyingi ni mwanafunzi wa sekondari ambaye mwalimu wake amemchagua kwa kuwa anazungumza Kiingereza vizuri. Katika kambi mojawapo niliyoitembelea, nilimsikia daktari mgeni akimwelekeza mama mmoja mwenye kisukari ameze kidonge pamoja na chakula, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Yeye, kwa hesabu ya Kiingereza, alitaja nane. Kijana mkalimani akafasiri neno kwa neno: saa nane na saa nane. Hilo la chakula hakulifasiri kabisa. Lau muuguzi wa zahanati ya pale hangekuwa karibu akasahihisha, mama yule angekuwa akiamka usiku wa manane, tumbo likiwa tupu, na kumeza dawa ya kushusha sukari. Kila mwenye ujuzi wa ugonjwa huo anajua hatari iliyopo sukari inaposhuka kupita kiasi mtu akiwa usingizini. Daktari alikuwa amepima sawasawa na kuchagua dawa sawasawa. Hitilafu ilikuwa katika neno moja la saa.

Mifano ya aina hii ni mingi. Kwa Wakenya wengi, homa ni mafua. Kwa Mtanzania, na katika kamusi, homa ni joto la mwili kupanda. Mguu wetu huanzia pajani hadi kwenye vidole, ilhali Kiingereza hugawa sehemu hiyo kwa maneno mawili. Katika Kijaluo, neno chuny ni ini, na pia ni moyo kwa maana ya makao ya hisia; mgonjwa anayelitaja anaweza kuwa na maumivu ya ubavuni au majonzi ya kufiwa. Hata ile kauli iliyozoeleka ya "kutwa mara tatu" ina walakini. Kutwa ni mchana kuanzia macheo hadi machweo. Dawa inayopaswa kumezwa kila baada ya saa nane, anayeifuata kauli hiyo kama ilivyo ataimaliza yote kabla ya jua kutua na kuuacha usiku mzima bila kinga.

Tatizo hili si geni wala si la Kenya pekee. Albert Schweitzer, aliyeanza kazi ya tiba Lambaréné, nchini Gabon, mwaka 1913, alitegemea wakalimani kwa sababu wagonjwa wake walikuwa na lugha mbalimbali. Mmoja wa wakalimani wake wa mwanzo, Joseph, alikuwa mpishi. Schweitzer mwenyewe alisimulia jinsi Joseph alivyozitaja sehemu za mwili wa binadamu kwa majina ya vipande vya nyama vya jikoni. Wasomaji wengi hucheka wafikapo hapo. Mimi naona kwamba Joseph alikuwa na akili pevu: alitumia istilahi alizokuwa nazo. Kosa si lake. Kosa ni la kudhani kwamba ajuaye lugha mbili ni mkalimani moja kwa moja, kana kwamba mwenye mikono miwili ni mpasuaji.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni heshima. Walimu wa Kiswahili hufundisha tafsida darasani. Sasa mfikirie nyanya wa miaka 60 anayetokwa na damu isiyo ya kawaida, ameketi mbele ya daktari asiyemjua, na katikati yao amesimama mvulana wa kidato cha pili, rika la mjukuu wake, pengine wa kijiji hicho hicho. Atasema nini? Atasema "tumbo linanisumbua", naye mvulana atafasiri tumbo, na atapewa dawa ya tumbo. Ugonjwa wake utarudi nyumbani pamoja naye.

Wageni wengi hutoka Marekani. Huko kwao, kanuni zilizotolewa mwaka 2016 chini ya sheria ya afya ya 2010 zilikataza watoto kutumiwa kama wakalimani hospitalini, isipokuwa katika dharura. Hapa kwetu, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa apewe maelezo katika lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha elimu. Kisichokubalika Chicago kisihalalishwe kijijini kwa kisingizio cha kujitolea.

Najua nitaambiwa kwamba mchagua nazi hupata koroma. Kwamba tukiweka masharti, wageni watakwenda kwingine. Sikubaliani na hoja hiyo. Aliyesafiri maelfu ya kilomita kwa gharama yake hakuja ili akisie. Isitoshe, imani inayomleta inaniunga mkono. Siku ya Pentekoste, kama inavyosimuliwa katika Matendo ya Mitume, kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Na katika Injili ya Marko, sura ya 10, Yesu alimuuliza Bartimayo kipofu alitaka afanyiwe nini. Upofu wake ulionekana na kila mtu. Hata hivyo aliulizwa kwanza na akaachwa ajibu.

Wala msomaji asidhani kwamba nawasema wageni wa ng'ambo peke yao. Daktari kijana wa Nairobi anayekwenda na kanisa lake kujitolea Juba, au hata Turkana, ni mgeni vilevile. Ngozi yake haitamfasiria kitu.

Napendekeza mambo machache yanayowezekana. Kwanza, kila kundi litafute wakalimani watu wazima, wa kike na wa kiume, liwalipe, na liwape angalau siku moja ya mafunzo kuhusu majina ya viungo, hesabu ya saa, na kutunza siri. Pili, muuguzi wa zahanati ya mahali awe chumbani, kwa kuwa yeye ndiye anayejua lugha na ndiye atakayebaki. Tatu, mgonjwa asiondoke kabla ya kurudia kwa maneno yake jinsi atakavyotumia dawa; dakika moja inatosha. Nne, idara za Kiswahili na isimu katika vyuo vikuu vyetu ziwatume wanafunzi kukusanya istilahi za magonjwa na viungo katika lugha za wenyeji. Huo ni utafiti wenye faida kuliko tasnifu nyingi zinazojaa vumbi kwenye rafu zetu.

Kwenu walimu, nina ombi moja mahususi. Mtakapoombwa wanafunzi wa kusaidia kambini, watoeni kwa moyo mkunjufu. Waandikishe majina, wapange foleni, wawachotee wazee maji na kuwaonyesha njia. Lakini mtoto asisimame kati ya daktari na mwili wa mtu mzima. Mkiulizwa sababu, jibuni bila kigugumizi kwamba mwenyeji anataka kupona kweli.