KUBETI SI KIINUA MGONGO



Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo linalozidi kuota mizizi miongoni mwa vijana, na hata baadhi ya watu wazima wenye ajira, hapa kwetu Unyambwa na mjini Singida. Jambo lenyewe ni usemi kwamba kuchangia mfuko wa hifadhi ya jamii ni kupoteza fedha, na kwamba ni heri mtu aziweke fedha hizo kwenye mkeka au kwenye mbio za farasi wa kwenye kioo. Wanadai kwamba ukishinda mara moja tu, umekwisha jipatia kiinua mgongo chako bila kungoja uzee.

Kabla sijawajibu ni haki nieleze sababu zao, kwa maana si zote za kipuuzi. Sababu ya kwanza ni kikokotoo. Mwaka 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF ilipounganishwa kuwa PSSSF, ilitolewa kanuni ya kumlipa mstaafu asilimia 25 kwa mkupuo. Wafanyakazi walilalamika, na Desemba mwaka huohuo Rais Magufuli akaisimamisha. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Mwaka 2024 Serikali ikatangaza kuipandisha kuwa asilimia 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 hapo zamani. Kijana anayeona namba zinapanda na kushuka huuliza: je, huo nao si mchezo wa kubahatisha? Sababu ya pili ni waajiri wanaomkata mfanyakazi mchango kila mwezi na wasiufikishe mfukoni.

Malalamiko hayo yana haki yake. Lakini dawa yake siyo kamari. Ubishi mkubwa wa kikokotoo ulikuwa juu ya kiasi gani mstaafu apewe kwa mkupuo na kiasi gani apewe kwa mwezi hadi kufa kwake. Hakuna aliyependekeza kwamba mstaafu aondoke mikono mitupu. Katika kamari, kuondoka mikono mitupu ndiyo kawaida ya kila siku.

Nianze na hao farasi. Sisi watu wa Singida tunamjua punda, anayetubebea maji na magunia. Farasi wa mashindano wako Nairobi, kwenye kiwanja cha Ngong ambako wamekimbizwa tangu miaka ya 1950. Huko angalau farasi ana pumzi, na mtu anaweza kumtazama miguu kabla ya kuweka fedha. Farasi wa kwenye kioo hana miguu wala pumzi. Ni mashine inayochagua namba, na mwenye mashine amekwisha kuipangia faida yake.

Hata kwa farasi wa kweli hesabu ni ileile. Joseph Oller alibuni katika miaka ya 1860 utaratibu ambao wachezaji wote huweka fedha zao katika chungu kimoja. Mwenye mchezo huchota fungu lake kwanza, na kinachobaki ndicho wanachogawana walioshinda. Tuseme anachota sehemu moja katika kila tano. Wachezaji wakiweka 30,000, zinarudi 24,000. Wakizicheza tena, zinarudi 19,200. Mara ya tatu ni 15,360, na mara ya nne ni 12,288. Mmoja wao aweza kurudi nyumbani akishangilia, lakini wote kwa pamoja wamenyonywa, na mrija haujakatika. Ni ajabu kuita jambo kama hilo akiba.

Sasa tutazame mfuko. Katika NSSF mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Katika PSSSF mtumishi hukatwa asilimia 5 na mwajiri hutoa 15. Kijana wa sekta binafsi mwenye mshahara wa 300,000 akikatwa 30,000, mwajiri naye anatakiwa kuweka 30,000. Fedha yake imekuwa mara mbili kabla farasi yeyote hajatoka zizini! Licha ya hayo, mwanachama aliyetimiza masharti akiumia akashindwa kazi, au akifa akaacha mjane na watoto, mfuko una mafao yao. Sijapata kusikia mkeka uliomlea yatima.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba wapo vijana wanaokubaliana na mwajiri wasiandikishwe, ili wapewe mshahara wote mkononi wakabeti. Ndugu zangu, hapo mshindi wa kwanza ni mwajiri, kwa sababu amesamehewa sehemu yake. Mshindi wa pili ni mwenye kibanda cha kubeti. Kijana anamalizia wa mwisho katika mbio ambazo yeye ndiye aliyezigharimia.

Wengine watasema kwamba michezo hii ni halali kwa Sheria ya mwaka 2003 na inasimamiwa na Bodi. Ni kweli, wala siombi ipigwe marufuku. Bahati Nasibu ya Taifa nayo ilikuwa na sheria yake ya mwaka 1974, na watu walinunua tiketi kwa kujifurahisha. Lakini kujifurahisha ni jambo moja, na kujiwekea akiba ya uzeeni ni jambo jingine.

Nina mapendekezo matatu. Kwanza, mifuko ilete maofisa wake hadi vijijini waeleze kikokotoo kwa Kiswahili chepesi, pamoja na utaratibu wa mkulima na mfanyabiashara mdogo kujiunga kwa hiari, maana wengi wetu tunaolima alizeti hatuna mwajiri. Wataje pia njia nyingine za akiba, kama Mfuko wa Umoja wa UTT ulioanza mwaka 2005. Pili, waajiri wasiopeleka michango wafikishwe mahakamani bila kuoneana haya. Tatu, viongozi wa mitaa wahakikishe kwamba mtoto aliye chini ya miaka 18 haingii katika vibanda vya kubeti, kama sheria inavyotaka.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kwamba kila mwenye nguvu aishi kwa jasho lake. Anayetokwa na jasho leo ana haki ya kulikuta limehifadhiwa siku nguvu zitakapomwishia. Vyama vya wafanyakazi vilisimamie hilo.

Mkulima,
Unyambwa, Singida.