Mlima Kilimanjaro ni Wetu Sote

Kila mwaka maelfu ya wageni huvuka bahari kuja kuupanda Mlima Kilimanjaro, na wengi wao wakishuka huja kupumzika katika fukwe zetu. Lakini ni wangapi miongoni mwetu, wananchi wa Visiwani, waliofika hata langoni mwa hifadhi hiyo? Mgeni anatusimulia habari za nyumba yetu wenyewe.

Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973, ikafunguliwa mwaka 1977. Mlima umejengwa na volkano tatu: Shira na Mawenzi, zilizokwisha zimika, na Kibo, iliyolala tu. Kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, ndipo ulipowekwa Mwenge wa Uhuru Desemba 1961. Tangu Muungano wa mwaka 1964, urithi huo ni wetu pia.

Wengi huogopa gharama na baridi. Khofu hiyo ina sababu, lakini si lazima kila mtu afike kileleni. Kutoka lango la Marangu hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, ni mwendo wa saa chache ndani ya msitu, na mtu huweza kurudi siku hiyo hiyo. Tena raia hatozwi kiingilio cha mgeni. Chake ni nafuu sana.

Anayekusudia kilele na ajitayarishe. Sisi tuliozoea usawa wa bahari tukumbuke kwamba hewa ya huko ni nyepesi, na apandaye kwa pupa huugua, hata kufa. Wala tusiwasahau wapagazi: wanaotubebea mizigo wanastahili ujira kamili, si ahsante tupu.

Jambo hili halingoji. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha toweka. Mtoto anayeanza skuli leo huenda asiikute atakapokuwa mtu mzima.

Kwa hiyo twatoa rai kwa wakuu wa elimu na utalii, Bara na Visiwani, wakae pamoja wapange safari za wanafunzi wa Unguja na Pemba kwenda Marangu, na wa Moshi kuja kwetu. Kikwazo kikubwa ni nauli ya boti na basi. Hapo ndipo msaada wa Serikali unapotakiwa. Umoja wa wananchi haujengwi kwa hotuba peke yake. Hujengwa pia kwa kutembeleana.