Amefunga? Mpange tu

Ikiingia Ramadhani, Kawe inakuwa na makocha wengi kuliko CAF. Kuanzia Ukwamani hadi Mzimuni, timu ya mtaani ikipigwa tu, sababu inapatikana kabla jezi hazijavuliwa: "Si mlimpanga yule, amefunga." Akikosa bao ni swaumu. Akipokonywa mpira ni swaumu. Aliyekunywa chai na chapati tatu asubuhi, akapaisha penalti, huyo alikuwa na siku mbaya tu.

Tunacheka, lakini kuna mtu analipa bei ya utani huu. Ni yule kijana anayekalishwa benchi mwezi mzima bila kocha kumpima hata kwa dakika 10 mazoezini. Hajaulizwa amelalaje wala amekula nini daku. Jina lake limetosha. Wengine wanaona hata aibu kusema wamefunga, wanajifanya wanasukutua maji kama wenzao ili wasitolewe kikosini.

Twende kwenye mpira wenyewe. Juni 30, 2014, Algeria ilicheza na Ujerumani hatua ya 16 bora Kombe la Dunia kule Brazil. Ramadhani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Kabla ya mechi waandishi walimng'ang'ania kocha Vahid Halilhodžić wajue nani anafunga na nani hafungi. Mzee akawaka, akasema hilo ni jambo binafsi la mchezaji. Kilichofuata kila mtu alikiona. Ujerumani ilihenyeshwa dakika 90 zikaisha 0-0, ikashinda 2-1 kwa taabu kwenye muda wa nyongeza. Wiki mbili baadaye Wajerumani hao hao walikuwa mabingwa wa dunia.

Au usiku wa Mei 8, 2019 pale Amsterdam, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Hakim Ziyech wa Ajax aliingia uwanjani dhidi ya Tottenham akiwa amefunga. Jua likazama kipindi cha kwanza kikiendelea, akafungua. Kisha akafunga. Kiswahili chetu kina raha yake.

Tusiende mbali. Machi 29, 2024, katikati ya Ramadhani, Al Ahly walikuja kwa Mkapa na timu iliyojaa Waislamu, wakamfunga Simba 1-0. Wakarudia 2-0 kwao Cairo, na mwisho wakabeba ubingwa wa Afrika. Siku iliyofuata, Machi 30, Yanga na Mamelodi walitoka 0-0 hapo hapo kwa Mkapa, wakarudiana Pretoria 0-0, Yanga ikatolewa kwa penalti. Mwezi ulikuwa ule ule. Sikusikia mtu akisema Mnyama kafungwa kwa sababu Waarabu wamefunga.

Kuna atakayeniambia msafiri ana ruhusa ya kutofunga akalipa baadaye. Kweli kabisa, na hapo ndipo kijiwe kinapoanguka. Anayeona jina la Juma au Rashidi akaamua huyu leo hana nguvu, hajui kama Juma amefunga, hajui kama ana ruhusa, hajui chochote. Amehukumu jina.

Sisemi swaumu ni kitu chepesi kwa mwanamichezo. Mechi ya mchangani ya saa 10 jioni na joto la Dar, bila tone la maji tangu alfajiri, ni kazi nzito. Ila hiyo ni hesabu ya kocha, kama anavyopiga hesabu ya beki anayetoka kuuguza malaria. Msogezee mazoezi baada ya futari. Mpe dakika 60 badala ya 90. Muulize yeye mwenyewe anajisikiaje.

Aprili 26, 2021, Leicester wakicheza na Crystal Palace, kipa Vicente Guaita alichelewesha kidogo kupiga mpira wa goli ili Wesley Fofana wa Leicester na Cheikhou Kouyaté wa Palace wafungue. Sekunde chache tu. Guaita si Mwislamu na Fofana alikuwa mpinzani wake. Miaka miwili baadaye, Ufaransa, kocha wa Nantes Antoine Kombouaré alimwacha Jaouen Hadjam nje ya kikosi kwa sababu hakukubali kula siku ya mechi. Ligi mbili kubwa, Ramadhani ni ile ile, tofauti ni nani alikuwa na subira.

Kuna dhana nyingine ambayo kwetu ni mbaya zaidi, nayo ni ya kanzu. Mzee wa watu akitokea uwanjani na kanzu na kofia yake, miguuni kobazi, jukwaa zima linanong'ona: kamati ya ufundi hiyo. Inawezekana ametoka swala ya alasiri, akapita kumwangalia mjukuu wake winga wa kushoto. Haisaidii, keshakuwa mganga. Na shirki ni katika madhambi makubwa kabisa kwenye dini ya mzee huyo huyo! Mganga akivaa kanzu anaazima heshima ya shehe, halafu sisi tunamkamata shehe. Timu zinazoruka ukuta na kukwepa mlango rasmi zina viongozi na wachezaji wa kila dini, na faini za Bodi ya Ligi hulipwa na klabu nzima.

Kinachoshangaza ni kwamba mashabiki hao hao wakifika jukwaani wanasahau. Glasgow, Celtic na Rangers waligawana kwa Ukatoliki na Uprotestanti. Simba na Yanga, pamoja na fujo zote tangu miaka ya 1930, hazijawahi kugawana hivyo. Mohammed Dewji anaitwa Mo, Hersi Said anaitwa Injinia, na timu ikishinda hakuna anayeuliza wanaswali wapi. Mbwana Samatta wa Mbagala alipofunga Wembley Machi 1, 2020 akiwa na Aston Villa, Kawe nzima iliruka, wa kanisani na wa msikitini.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima jambo kama hili kwa Mohamed Salah. Baada ya Salah kutua Liverpool mwaka 2017, uhalifu wa chuki katika eneo la Merseyside ulipungua kwa asilimia 16 kulinganisha na ulivyotarajiwa. Mashabiki wa Liverpool nao wakapunguza karibu nusu ya matusi yao mtandaoni dhidi ya Waislamu.

Habari njema, ila mimi inanipa wasiwasi. Salah alikuwa anatupia mabao kila wiki. Mesut Özil alichukua Kombe la Dunia na Ujerumani mwaka 2014, lakini walipotolewa hatua ya makundi 2018 akastaafu timu ya taifa akilalamika kwamba wakishinda yeye ni Mjerumani, wakifungwa anakuwa mhamiaji. Kijana wa Ukwamani si Salah. Ni beki wa kulia wa kawaida, anakosea mara mbili kwa mechi kama mabeki wote wa kulia wa Kinondoni. Jumamosi ya Ramadhani kocha akiwa anasoma majina, ampime kwa mazoezi ya Ijumaa.